Kovu la Zamani na Pua Inayoziba: Mazungumzo juu ya Ugonjwa wa Espundia

Jioni hii twapenda kuzungumza nanyi juu ya ugonjwa ambao wengi wenu hamjapata kuuona, wala hatuwatakii kuuona. Kwao ni mbali, katika misitu ya Amerika ya Kusini, na huko Peru na Bolivia watu huuita espundia. Madaktari huuhesabu katika ukoo wa magonjwa yaletwayo na vijidudu viitwavyo leishmania. Ukoo huo una ndugu wengine, nao wako karibu nasi zaidi kuliko tunavyodhani. Lakini hao tutawafikia baadaye.

Huenda mtu akauliza, ya nini kutusumbua na ugonjwa wa ng'ambo? Sababu yetu ni kwamba ugonjwa huu ni mdanganyifu kupita kiasi. Huanza kwa kidonda kimoja cha ngozi kisichouma, nacho mara nyingi hupona chenyewe, mtu akakisahau. Kisha, baada ya mwaka, au miaka mitano, na mara nyingine baada ya miaka ishirini na zaidi, pua ya mtu yule huanza kuziba. Yeye haoni uhusiano wowote kati ya kovu la mguuni na mafua yasiyokwisha, na pengine hata mganga wake hauoni. Watakapouona, huenda pua imekwisha kuliwa.

Kwanza na tumjue aletaye maradhi. Ni mdudu mdogo sana arukaye, ambaye kwa Kiswahili huitwa usubi. Twaomba mtuelewe hapa, maana katika nchi nyingine jina hilo hilo hupewa mdudu mweusi aumaye mchana karibu na maporomoko ya mito, yule aletaye upofu. Siye huyo. Usubi wetu wa leo urefu wake ni milimita mbili au tatu tu, rangi yake ni ya majani makavu, ana malaika mwili mzima, na akitua huziinua mbawa zake juu zikapanuka kama pembe za mbuzi. Hana sauti ya kuvuma kama mbu. Haruki mbali, bali hurukaruka kidogo kidogo, na upepo mdogo humshinda. Hutoka magharibi jua likichwa, akauma usiku kucha mpaka karibu na alfajiri. Tena hazai katika maji, bali katika udongo wenye unyevu na majani yaliyooza, chini ya magogo na katika mashimo ya wanyama. Kwa hiyo mtu aweza kufukia kila dimbwi lililo karibu na nyumba yake, na usubi asipungue hata mmoja. Wabrazili humwita mbu wa nyasi kavu, kwa ile rangi yake.

Jike ndiye aumaye, kwa kuwa ahitaji damu ili mayai yake yakomae. Akimnyonya mnyama wa msituni aliye na vijidudu, kama vile panya wa porini, huvipokea tumboni mwake vikazaana. Siku chache baadaye akimwuma mtu, huvitia katika ngozi yake. Kijidudu chenye sifa mbaya kuliko vyote kwa kuharibu pua huitwa Leishmania braziliensis. Daktari kijana wa Brazil, Gaspar Vianna, ndiye aliyekipa jina hilo mwaka 1911. Miaka miwili kabla yake, mwaka 1909, wataalamu wa huko walikuwa wamekwisha kuona vijidudu vya namna hiyo katika vidonda vya watu wa Bauru, katika jimbo la São Paulo, ambako msitu ulikuwa ukikatwa ili reli ipite. Vibarua wengi sana waliugua, hata vidonda vile vikaitwa kwa jina la mji ule.

Na kabla ya reli ulikuwako. Pedro Pizarro, mmoja wa Wahispania walioiteka Peru, aliandika mwaka 1571 juu ya ugonjwa ulioharibu pua za watu walioshuka kwenda kulima koka katika mabonde yenye joto upande wa mashariki wa milima. Na kwa zamani zaidi, watu wa Moche wa kaskazini mwa Peru walifinyanga vyombo vya udongo vyenye sura za watu, na baadhi ya sura hizo hazina pua wala midomo. Wataalamu wengine husema hiyo ndiyo kazi ya leishmania, na wengine husema watu wale walikatwa kwa adhabu. Sisi hatuamui ugomvi huo. Aliyepata kuwaona wagonjwa wa espundia, akavitazama vile vyombo, hawezi kuwacheka wale wa kwanza.

Sasa tumfikirie mtu mmoja. Tuseme ni mkulima wa milima mirefu ya Bolivia, aliyeshuka na mkewe kwenda kutafuta shamba katika nchi ya chini yenye misitu, kama walivyofanya maelfu ya watu wa kwao tangu miaka ya 1960. Anakata miti, analala katika kibanda kisicho na kuta. Usiku mmoja aumwa na usubi katika mkono. Yeye hata hajui. Majuma mawili yapita, au mwezi, au miezi mitatu. Kisha yatokea kipele chekundu, kama alichong'atwa na mdudu, ila hakiondoki. Kipele chakua, chavimba, katikati chafanya gaga. Gaga likibanduka, chini yake pana kidonda.

Kidonda hicho kina sura yake, na mwenye macho makini akikiona mara moja atakitambua mara ya pili. Ni cha mviringo. Kingo zake zimeinuka, ni ngumu, na zimesimama kama ukingo wa chungu au kama kinywa cha mlima wa moto. Chini yake ni pekundu, pana vidungedunge kama punje, wala hapana usaha mwingi isipokuwa uchafu umeingia. Na jambo la ajabu kwa kidonda kikubwa namna hii, hakiumi. Hapa ndipo kinapotengana na donda ndugu, ambalo nyote mwalijua: donda ndugu huuma, hunuka, hula upesi, na hupenda kukaa chini ya goti. Kidonda cha leishmania hukaa popote ambapo nguo haikufunika, yaani usoni, sikioni, mkononi, mguuni. Mara nyingi mitoki huvimba katika kwapa au kinena cha upande ule ule, na pengine mitoki hutangulia kabla ya kidonda kufunguka.

Mkulima wetu akitie majani, akitie mafuta, akichome kwa chuma cha moto kama wengine wafanyavyo, au asikitie kitu. Baada ya miezi kadhaa, au mwaka, kidonda hujifunga. Hubaki kovu jembamba, lililobonyea, jeupe kuliko ngozi iliyolizunguka, laini kama karatasi. Mtu humshukuru Mungu na kuisifu dawa aliyoitumia mwisho. Majani hayo hupata sifa wasiyostahili, nasi hatuwalaumu watu kwa hilo, maana kila dawa itumiwayo siku moja kabla ya kupona huonekana kuwa ndiyo iliyoponya.

Walakini vijidudu havikufa vyote. Vingine vilikwisha kusafiri katika damu na katika mishipa ya mitoki, vikaketi katika utando mwororo wa ndani ya pua. Twawaambia kweli ili msiogope kupita kadiri: wengi waliopata kidonda cha ngozi hawapati ugonjwa wa pua. Hesabu za madaktari hutofautiana kwa nchi na nchi, lakini kwa kawaida husemwa kuwa ni mtu mmoja hata kumi katika kila mia. Walio katika hatari zaidi ni waliokuwa na vidonda vingi au vikubwa, waliokuwa na vidonda juu ya kiuno, waliokaa navyo muda mrefu, na hasa wale ambao hawakupewa dawa ya kweli au waliiacha katikati. Wanaume huupata zaidi ya wanawake. Na mtu ambaye nguvu za mwili wake za kujikinga zimepunguzwa na virusi vya UKIMWI, kwake ugonjwa huu huwa mkali na hurudi mara kwa mara.

Dalili ya kwanza ni ndogo, hata ni aibu kuitaja mbele ya mganga. Pua yaziba, mara nyingi upande mmoja. Asubuhi mtu akipenga hutoka magaga yaliyokauka, na damu kidogo. Akidhani ni mafua, hungoja. Mafua hayaishi mwezi, hayaishi mwaka. Hana homa, ala chakula, afanya kazi. Kama wakati huo mtu angechukua kurunzi na kumulika ndani ya pua yake, angeona mambo. Kati ya matundu mawili ya pua pana ukuta mwembamba wa gegedu, ule ambao mtu aweza kuutikisa kwa vidole. Utando wa ukuta huo, upande wa mbele, ndipo ugonjwa unapoanzia karibu kwa wagonjwa wote. Huwa mwekundu, umevimba, una vidungedunge, umefunikwa na magaga. Baadaye ukuta hutoboka, na ukimulika kurunzi upande mmoja, mwanga huonekana upande wa pili.

Ukuta ukiisha kuliwa, ncha ya pua haina nguzo. Huanguka chini, ikavimba na kuwa nyekundu. Wabrazili husema mtu huyu ana pua ya tapiri, na tapiri ni mnyama wa misitu ya kwao mwenye pua ndefu iningʼiniayo mfano wa mkonga mfupi. Kisha mdomo wa juu huvimba na kupata vidonda. Ndani ya kinywa, kaakaa hufanya vidungedunge vilivyogawanywa na mifereji, na mifereji miwili ikikutana hufanya sura ya msalaba. Daktari wa Peru aitwaye Edmundo Escomel aliiandika dalili hiyo mwaka 1911, na hata leo yaitwa kwa jina lake. Ulimi kwa kawaida husalimika. Ugonjwa ukishuka kooni, sauti hukwaruza, kisha hupotea; mtu husemea puani, chakula humpalia, na maji hurudi kwa njia ya pua. Hafi kwa ugonjwa wenyewe mara moja. Hufa kwa njaa kwa sababu kumeza kwamshinda, au kwa homa ya mapafu kwa sababu chakula chaingia katika njia ya pumzi, au kwa kukosa hewa pale koromeo linapozibana.

Na kabla ya kufa kwa mwili pana jambo jingine, ambalo vitabu vya udaktari hulitaja kwa mstari mmoja, nasi twaliona kuwa kubwa. Mtu asiye na pua hujificha. Huacha kwenda sokoni, huacha kula pamoja na wenzake, hufunga kitambaa usoni. Watu humdhania kuwa ana ukoma, au kwamba amepata balaa la zinaa. Kwa hiyo haji hospitali. Wala hawaambukizi watu wa nyumbani mwake, kwa kuwa ugonjwa huu hauenezwi kwa kula sahani moja wala kwa kupumua hewa moja, bali kwa yule usubi. Anafukuzwa bure.

Waonaje basi, kwa nini mwili huharibika hivi? Mtu angefikiri kwamba mahali palipoharibika sana pana vijidudu vingi sana. Sivyo. Ukichukua nyama ya pua ya mgonjwa wa namna hii ukaitazama, vijidudu ni vichache mno, pengine usione hata kimoja. Kilicho kingi ni askari wa mwili, zile chembe za damu zilizo kazi yake kupigana na adui. Wamekusanyika kwa ghadhabu kubwa kumtafuta adui mchache, na katika kumtafuta wanaibomoa nyumba wanayoilinda. Ni sawa na mtu mwenye nyoka mmoja ndani ya paa la makuti, akaitia moto nyumba nzima. Jambo hili si la kupitwa haraka, maana ndilo lifanyalo kazi ya kuutambua ugonjwa kuwa ngumu: uharibifu ni mwingi, shahidi ni mchache.

Kwa hiyo kazi ya kupima huanzia katika maswali, wala si katika darubini. Mganga mwema atauliza: Umekaa wapi? Ulipata kufanya kazi msituni, kukata mbao, kuchimba dhahabu, kutafuta mpira, kutumika uaskari? Ulipata kidonda kisichouma kilichokaa miezi mingi? Kisha atamwomba mgonjwa avue nguo, naye atatafuta lile kovu la kubonyea, mbele na nyuma, miguuni na masikioni. Lisipoonekana, haimaanishi kwamba ugonjwa haupo, kwani wagonjwa wengine hawana kovu wala kumbukumbu yake. Ndipo amulike pua, kinywa na koo. Twawasihi wenye kazi ya uganga wa vijijini walishike neno hili: mtu aliyepata kuishi katika nchi ya leishmania, akasema pua yake imeziba kwa miezi, asipewe dawa ya mafua na kurudishwa nyumbani kabla ya pua kumulikwa.

Halafu hufuata kupambanua, kwa sababu magonjwa yanayoila pua ni mengi. Ukoma nao huangusha pua, lakini mwenye ukoma ana mabaka yasiyosikia. Mguse kwa ncha ya pamba, naye amefumba macho, hatajua umemgusa wapi. Kaswende ya siku nyingi hupenda mifupa: huvunja daraja la pua hapo juu kati ya macho, pua ikabonyea kama tandiko la farasi, na hutoboa kaakaa gumu. Buba mbaya ya zamani nayo hula mifupa hiyo. Leishmania hula gegedu, huacha mfupa, kwa hiyo daraja la juu husimama nayo ncha imeanguka. Kifua kikuu huweza kushika koromeo, lakini mara nyingi mgonjwa hukohoa na kukonda, na mapafu yake yana habari. Huko Brazil pana pia ugonjwa wa ukungu unaowapata wakulima, nao hutoboa kinywa kwa vidonda vyenye vitone vya damu kama tunda la forosadi, na mara nyingi hushika mapafu. Saratani isisahauliwe. Na siku hizi wapo wanaovuta kokeini kwa pua, nao hutoboka ukuta ule ule wa gegedu. Hao mganga asipouliza kwa upole hawatasema.

Baada ya hayo ndipo chumba cha vipimo. Ikiwa ni kidonda cha ngozi ambacho ni kipya, kazi ni rahisi kiasi. Mganga husafisha kidonda, hukwangua ukingo wake kwa kisu kidogo, au hukata kipande cha nyama kidogo kama punje ya mtama baada ya kuganzisha mahali hapo kwa dawa. Maji ya nyama hupakwa juu ya kioo, yakakaushwa, yakatiwa rangi ya Giemsa, rangi iliyotengenezwa na Mjerumani Gustav Giemsa mwaka 1904 na itumiwayo pia katika kutafuta vijidudu vya malaria. Chini ya darubini kijidudu huonekana ndani ya chembe kubwa za mwili, kama yai dogo la rangi ya samawati. Ndani yake pana kokwa ya rangi ya zambarau, na kando ya kokwa pana kijiti kidogo cha rangi iyo hiyo. Mpimaji lazima avione vyote viwili, kokwa na kijiti, ndipo aseme ndiyo. Ukubwa wa kijidudu ni mikroni mbili hata nne. Vikipangwa mia tatu katika mstari havitazidi milimita moja kwa mengi. Katika miezi ya kwanza ya kidonda huonekana bila shida. Kidonda kikizeeka hupungua, na katika pua, kama tulivyosema, mara nyingi havionekani kabisa. Mpimaji akisema “sikuona”, hakusema “hakuna”. Maneno haya mawili hayalingani, na wagonjwa wengi wamepoteza pua zao kati ya moja na jingine.

Kwa hiyo njia nyingine hutumiwa. Kipande cha nyama chaweza kuoteshwa katika chupa yenye damu ya sungura na chakula kingine, mfano wa kupanda mbegu. Lakini aina hii ya leishmania ni mgumu wa kuota, na bakteria wa puani huwahi kuharibu shamba lile. Mwaka 1926 daktari João Montenegro wa São Paulo alionyesha kipimo cha ngozi. Vijidudu vilivyokwisha kuuawa hutiwa kwa sindano ndani ya ngozi ya mkono, na baada ya saa 48 hata 72 mganga hupima kwa rula uvimbe uliotokea. Ukiwa na milimita tano au zaidi, mwili wakijua kijidudu hiki. Wagonjwa wa pua huvimba sana, kwa sababu ile ghadhabu ya askari wa mwili tuliyoieleza. Kipimo hiki kilisaidia watu wengi kwa miaka mingi, ingawa dawa yake imekuwa ya nadra. Upungufu wake ni kwamba hakibagui kati ya mtu mgonjwa leo na mtu aliyeugua zamani akapona. Katika kijiji cha msituni nusu ya wazee huenda wakavimba mkono, hali pua zao ni nzima. Kipimo cha damu nacho kipo, lakini humchanganya mgonjwa huyu na mgonjwa wa Chagas, ugonjwa mwingine wa nchi zile zile.

Kipimo kilicho bora sasa ni kile kinachotafuta vinasaba, yaani maandishi ya urithi yaliyomo katika kila kiumbe. Chembe kidogo kabisa ya vinasaba vya kijidudu huzidishwa kwa mashine mara mamilioni, mpaka iweze kuonekana. Hivyo hata nyama yenye vijidudu vichache hutoa ushahidi. Tena kipimo hiki huweza kusema ni leishmania wa aina gani, na hilo lina maana kubwa, kwa sababu kidonda cha aina moja chaweza kuachwa kipone polepole, na kidonda cha aina nyingine hakiachwi. Shida ni kwamba mashine hiyo iko mijini, naye mgonjwa yuko mtoni, safari ya siku mbili kwa mtumbwi. Mganga aliye mbali hana budi kukusanya mashahidi wadogo: msitu aliokaa mgonjwa, kovu, pua iliyotoboka, mkono uliovimba, na kipande cha nyama ambacho hakina saratani, ukungu wala kifua kikuu. Kila mmoja peke yake ni dhaifu, wote pamoja hutosha.

Sasa tuje kwetu kama tulivyoahidi. Leishmania braziliensis hayuko Afrika. Lakini Shirika la Afya Duniani linapotaja nchi nne zenye zaidi ya tisini katika mia ya wagonjwa wote wa namna hii ya pua na kinywa, hutaja Brazil, Bolivia, Peru, na ya nne ni Uhabeshi. Huko kwenye nyanda za juu yuko leishmania wa aina nyingine, jina lake Leishmania aethiopica, ambaye mnyama wake ni pimbi akaaye katika miamba. Kwa kawaida yeye hushika ngozi ya uso, na toka mdomoni au puani hutambaa hadi ndani, wala hangoji miaka kama yule wa Brazil. Aina hiyo hiyo iko Kenya, katika mapango ya Mlima Elgon, wanamoishi pimbi na usubi pamoja. Watu walioingiza mifugo yao au kulala humo wamepata vidonda. Sudan nayo ina wagonjwa wa pua na kinywa wanaotokana na kijidudu cha kala-azar, ugonjwa ambao watu wa Baringo, Pokot Magharibi na Turkana waujua kwa uchungu, kwa kuwa huo hauli pua bali hujaza wengu na kuua. Basi msikilizaji wa Unguja au Tanga asilale macho kwa kila mafua. Lakini mtu wa Elgon mwenye uvimbe wa mdomo usioisha ana sababu nzuri ya kwenda kuonyesha.

Juu ya dawa tutasema kidogo. Yule Gaspar Vianna tuliyemtaja alitangaza mwaka 1912 kwamba chumvi ya antimoni ikitiwa katika mshipa huponya vidonda hivi, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa ugonjwa wowote wa leishmania kupata dawa. Antimoni ni madini ambayo watu wa kale waliyasaga kuwa wanja. Asidhani mtu kwamba aweza kujitibu kwa wanja wa mkewe, kwani kipimo chake kikizidi huua moyo. Vianna mwenyewe alifariki mwaka 1914, umri wake miaka 29. Baadaye ilitengenezwa antimoni isiyo kali sana kama ile, nayo hutumika hata leo kwa sindano za kila siku, kwa ugonjwa wa pua siku 28 au 30, na mganga huusikiliza moyo na kupima ini wakati wote huo. Wasioivumilia hupewa amfoterisini iliyofungwa ndani ya matone ya mafuta, au vidonge vya miltefosini, ambavyo mwanamke mwenye mimba hapewi kamwe. Aliyeshikwa koromeo hulazwa hospitali, kwa sababu katika siku za kwanza za dawa uvimbe huweza kuzidi na kuziba pumzi.

Mgonjwa akimaliza dawa haachwi aende zake. Huitwa tena baada ya miezi, pua ikamulikwa na koo kutazamwa, kwa kuwa ugonjwa wa pua hurudi mara nyingi kuliko wa ngozi. Gegedu lililoliwa haliota tena. Wako mafundi wa upasuaji wanaoweza kutengeneza pua kwa ngozi ya kipaji cha uso na gegedu la mbavu, lakini hawakubali kushika kisu mpaka mwaka mzima umepita bila dalili yoyote. Kwani kijidudu kimoja kilichosalia huweza kuamka kwa kile kidonda cha kisu, kikaila pua mpya kama kilivyoila ya kwanza.